Kufika Ziwa Michaelson na Kurudi kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Anayejiunga na Kundi

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu ya mji wa Chogoria, kuna maziwa mawili ambayo makundi ya wapanda milima huyaendea mwishoni mwa juma. Ziwa Ellis limelala wazi kwenye mbuga ya nyasi za baridi, si mbali na mahali barabara ya magari inapoishia. Ziwa Michaelson limejificha ndani ya bonde lenye kuta za mawe, bonde lililochimbwa na barafu ya kale, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Juu yake umesimama ukuta wa mwamba uitwao Temple, urefu wa takriban mita 300. Maji yanayotoka Michaelson ndiyo mto Nithi, ule ule uliochangia jina la kaunti ya Tharaka-Nithi.

Ellis ni matembezi ya kawaida kwa mtu mwenye afya. Michaelson ni kazi. Kwenda na kurudi kutoka mwisho wa barabara huchukua saa nane hadi kumi, mahali ambapo hewa ni nyembamba, jua linaunguza na mvua inaweza kushuka wakati wowote. Huendi peke yako: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, haliruhusu mtu kupanda mlima huu bila mwenzake, na ukiniuliza mimi, hata wawili bila mwongozaji ni wachache mno kwenye njia hii. Kwa hiyo wengi wetu hujiunga na kundi. Na kundi, kwa maoni yangu, hupimwa kwa mtu wake wa mwisho. Wanaotembea mbele watafika tu. Anayebaki nyuma ndiye anayeamua saa ya kurudi, ndiye anayepata baridi, ndiye ambaye ukungu unamkuta njiani. Uliza habari zake kabla ya kulipa, kwa sababu huenda ukawa wewe.

Kwanza: uliza nani anafunga mkia

Tangazo la safari litakupa tarehe, bei na picha ya ziwa. Halitakupa mambo unayohitaji kuyajua. Mpigie mratibu simu, usimwandikie, umsikie anavyojibu.

Muulize ni waongozaji wangapi watakuwepo na kwa watu wangapi. Kwa njia ya Michaelson ningetaka mwongozaji mmoja kwa kila watu sita au saba, wawe ni watu wa Chogoria wanaoijua njia hata ukungu ukishuka, wenye leseni. Muulize nani anatembea mwisho kabisa, na kama kazi yake siku hiyo ni hiyo tu. Mratibu mzuri atakutajia mtu. Ukisikia "tutakuwa tunasubiriana," basi hakuna aliyepangwa, na ikifika saa sita mchana kundi litakuwa limekatika vipande vitatu huku kila kipande kikidhani mwongozaji yuko na wengine.

Kisha muulize saa ya kugeuka. Swali hili ndilo linalotenganisha makundi. Kila safari ya mlima inahitaji saa iliyowekwa tangu jana yake, ambayo ikifika mnageuka popote mlipo, hata ziwa likiwa linaonekana. Asiyeweza kukutajia saa hiyo kwa simu hataiweka akiwa juu, amezungukwa na watu 20 waliolipa na wanaotaka picha.

La mwisho ni bei, na hapo uwe makini na kilichomo. Basi au matatu ya kundi huishia Chogoria mjini. Kutoka hapo hadi geti la mbuga ni karibu kilomita 30 za barabara ya udongo inayopita msituni, na ikinyesha hakuna gari dogo linalopita; ni Land Cruiser peke yake, na siku mbaya hata hizo huvutana kwa kamba. Uliza kama nauli ya Land Cruiser imo, kama inawafikisha getini tu au hadi mwisho wa barabara, kama ada ya KWS imo, na kama pesa inarudishwa safari ikifutwa kwa sababu ya mvua. Ada ya mbuga hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni, si kwa noti getini, na kiasi kinategemea uraia na ukaazi wako, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu.

Pili: mwambie mwongozaji ukweli wa mwili wako

Hapa watu hudanganya kwa aibu tu. Mtu ana pumu, hasemi. Ana shinikizo la damu, hasemi. Mama ana ujauzito wa miezi mitatu, hasemi. Mwongozaji hakuulizi ili akufukuze. Anataka kujua akutazame vipi na akuweke wapi kwenye msururu.

Kuna hali moja ambayo huku kwetu haitajwi inavyostahili, nayo ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, au siko seli kama wengi wanavyouita. Mwenye ugonjwa huu hapaswi kwenda kwenye urefu huu bila daktari kumruhusu, kwa kuwa uhaba wa oksijeni ni kichocheo cha maumivu yake. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza akiwa juu na amechoka kupata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, penye wengu. Kama kwenu kuna ugonjwa huu na hujawahi kupimwa, kapime kwanza. Ukipata maumivu ya upande huo ukiwa mlimani, sema papo hapo na ushuke.

Dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo, ule unaoletwa na hewa nyembamba ya juu, ipo na inafanya kazi, nayo ni asetazolamaidi, lakini ni ya kuzungumza na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Usimeze kidonge cha rafiki ndani ya gari.

Tatu: jipime kabla ya mlima kukupima

Wiki sita za mazoezi zinamtosha mtu anayetembea kidogo kila siku. Panda ngazi ukiwa na begi lenye maji mgongoni. Tembea Ngong siku nzima, nenda na urudi, si kilima kimoja na nyama choma. Zunguka ukingo wa kreta ya mlima Longonot. Halafu, wiki mbili au tatu kabla ya safari, nenda Elephant Hill kule Aberdare, kwa sababu hakuna kipimo bora kilicho karibu na Nairobi. Inapita mita 3,500, ina matope, ina mianzi, na ina ule mteremko wa kurudi unaosema ukweli kuhusu magoti. Ukiimaliza na kesho yake ukaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, Michaelson unaiweza. Ukishindwa, nenda na kundi linaloishia Ellis. Pale ni juu ya mita 3,400, na ni pazuri kwelikweli.

Anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Tanga ana hesabu yake. Mwili uliozoea pwani unahitaji muda. Lala Nairobi usiku mmoja, lala getini usiku mwingine, ndipo upande.

Nne: vaa vya mlima, na mitumba inatosha

Sahau fulana ya pamba na suruali ya jinzi. Pamba ikilowa jasho au mvua haikauki tena siku hiyo, na upepo ukipiga unaanza kutetemeka ukiwa bado unatembea. Vaa kitambaa cha michezo kinachokauka haraka, juu yake sweta la manyoya mepesi, na koti la mvua la kweli. Vyote vitatu utavipata kwenye masoko ya mitumba ya Nairobi, Gikomba au Toi, kwa bei ya chakula cha mchana, ukijua kuchagua.

Koti la mvua lichague hivi. Ligeuze ndani nje, uangalie mishono. Koti linalozuia maji lina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono. Utepe ukianza kubanduka kama ngozi ya kidonda, liache. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa cha bega na upulize kwa nguvu: hewa ikipita kirahisi, maji nayo yatapita. Ukifika nalo nyumbani, lining'inize bafuni, umwage kikombe cha maji mabegani na usubiri dakika kumi. Bega ndilo litakalobeba mkanda wa begi kwa muda wa saa tisa, kwa hiyo bega ndilo litakalovuja kwanza.

Viatu viwe buti za mlima, vya kifundo kirefu kama una historia ya kuteguka, na viwe vimeshatembea nawe. Usiende na viatu vipya. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla, ziwe fupi na zisizo na ncha, kwani kwenye mteremko kila hatua inazigonga mbele ya kiatu. Gambuti ambazo watu hukodi kwa ajili ya matope ya Aberdare sizipendekezi hapa. Kule chini zinafaa, lakini kwenye mawe ya bondeni hazishiki mguu.

Ongeza kofia ya jua na kofia ya baridi, glavu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua. Weusi wa ngozi si kinga ya kutosha. Miale inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na watu wengi hushuka midomo ikiwa imepasuka. Chukua fimbo mbili za kutembelea kama unazo. Magoti yatakushukuru mchana. Na kurunzi ya kichwani yenye betri mpya, kila mtu na yake. Taa ya simu haitoshi, kwa kuwa baridi humaliza chaji haraka, na utakuwa unahitaji mikono miwili.

Tano: chakula, maji na plastiki

Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja, pamoja na vikombe, sahani na vijiko vya aina hiyo, vimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za Kenya. Askari wa getini atakagua. Beba chupa za kujazwa tena, jumla lita mbili na nusu hadi tatu. Mto utaukuta njiani na maji yake ni meupe, lakini kuna wanyama na kuna wapiga kambi, kwa hiyo beba vidonge vya kutibu maji.

Chakula kiwe kile tumbo lako linakijua. Nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa jana, chapati iliyokunjwa na yai, ndizi, njugu karanga, tende, kipande cha sukari guru. Juu kule hamu ya kula hupotea, na nyama nzito itakaa begini hadi urudi nayo. Kula kidogo kila baada ya saa moja, hata kama hutaki. Chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ina thamani kuliko inavyodhaniwa, hasa kwa yule mtu wa mwisho.

Sita: lala juu

Makundi mengine huondoka Nairobi saa nne usiku, hufika Chogoria alfajiri na kuanza kupanda bila kulala. Siyapendi, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni hewa: unautoa mwili mita 1,700 za Nairobi na kuupeleka karibu 4,000 ndani ya saa chache, ambako oksijeni inayokufikia kwa kila pumzi ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Ya pili ni usingizi: mtu ambaye hajalala hujikwaa.

Chagua kundi linalolala usiku mmoja karibu na geti la Chogoria, kwenye mita 2,950 hivi. Kuna mabanda pale, na mahali pa kupiga hema. Usiku mmoja hauuzoeshi mwili kabisa, lakini unaonyesha nani ameanza kuumwa na kichwa kabla ya safari yenyewe. Usitembee ovyo nje ya banda gizani. Nyati na tembo ni wenyeji wa msitu ule. Pombe iache hadi mrudi.

Kuhusu miezi: Januari na Februari ndiyo mikavu zaidi, kisha kuanzia Julai hadi Septemba. Machi hadi Mei ni masika, na upande huu wa mashariki hunyeshewa kuliko ule wa njia ya Sirimon, kaskazini-magharibi mwa mlima. Hata kiangazi, asubuhi huwa safi na mawingu hupanda kutoka msituni kuelekea saa sita. Ndiyo maana tunaanza mapema.

Saba: siku yenyewe

Amkeni saa kumi alfajiri. Land Cruiser ikiwaondoa getini saa kumi na moja, saa kumi na mbili mnaweza kuwa mwisho wa barabara, kwenye mita 3,300 hivi, mkianza kutembea jua linapochomoza. Kabla ya hatua ya kwanza, mratibu awahesabu kwa sauti, aseme saa ya kugeuka mbele ya wote, na amtaje anayefunga mkia ili kila mtu amwone uso wake.

Nusu saa ya kwanza nenda taratibu kiasi cha kuona aibu. Kipimo ni maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Ukibaki na maneno matatu matatu, punguza. Vijana watatu watakimbia mbele; waache. Mwongozaji wa mbele ndiye anayetakiwa kuwazuia, na kama hawazuii, sasa unajua kitu kuhusu kundi lako.

Njia hupanda kwenye mgongo wa mlima, na miti na vichaka vya erika hupungua hadi kubaki nyasi za mafungu na mimea mikubwa ya ajabu. Simama mbele ya lobelia moja iliyo chini, ile yenye majani yaliyopangana kama kikombe, na uchungulie katikati yake. Ndani kuna maji, na mapema asubuhi utakuta juu yake utando wa barafu. Maji yale ni blanketi la mmea: sehemu ya juu ikiganda, ya chini haigandi, na kile kichipukizi cha katikati kinanusurika baridi ya usiku. Usitoboe barafu kwa kidole. Mimea hii hukua polepole mno, na mbuga hii, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, imeshaungua vya kutosha. Moto wa Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa. Usivute sigara kwenye nyasi zile, na usiwashe moto popote.

Baada ya saa tatu au nne, bonde hufunguka ubavuni mwako. Wageni huliita Gorges Valley. Chini kabisa utaona Michaelson, jeusi au la kijani kutegemea jua, na wengi hapo hupiga kelele za furaha wakidhani kazi imekwisha. Sikiliza vizuri sasa, kwa sababu hapa ndipo safari hii inapotofautiana na ya kilele. Kilele ukikifika, kilichobaki ni kushuka. Ziwa hili liko shimoni. Unateremka kwenye mawe yanayoteleza hadi majini, na baadaye, mchana, ukiwa umeshiba na umechoka na mawingu yameingia, unapanda tena kutoka humo. Kila mita unayoshuka ni deni la saa saba.

Kwa hiyo hukumu ifanywe hapo ukingoni, si ziwani. Mimi ningeweka saa tano na nusu asubuhi. Aliyefika ukingoni kabla ya hapo, ana nguvu na kichwa hakimuumi, ashuke. Wengine wakae, wale, wapige picha ya ziwa kutoka juu (nayo ndiyo picha nzuri kuliko zote, muulize yeyote aliyepiga ya chini), kisha wageuke polepole pamoja na mwongozaji wao kuelekea Ellis. Kugawanyika huku kupangwe tangu jana. Kundi likigawanyika kwa mpango, kila nusu ina mwongozaji na ina sanduku la huduma ya kwanza. Likigawanyika kwa uchovu, halina.

Walioshuka wawe wameondoka ziwani kufikia saa saba kamili. Usiogelee. Maji yana baridi ya kukata pumzi kwa maana halisi: mtu akijitosa ghafla hushtuka, huvuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Choo kiwe mbali na maji hatua mia moja, shimo la kina cha shibiri, na karatasi uifunge na urudi nayo. Mto unaoanzia pale watu wanaunywa huko chini.

Kwenye njia ya kurudi, anayefunga mkia asiwe na mtu nyuma yake hata mmoja, na walio mbele wasubiri kila njia panda hadi aonekane. Kusubiri maana yake ni kwamba wa mwisho akifika naye apumzike dakika tano. Makundi mengi humwona wa mwisho akifika, husema "haya twende," na yeye, aliyechoka kuliko wote, ndiye asiyepumzika siku nzima.

Ellis iwe ya mwisho, na kwa makusudi. Iko karibu na magari, njia yake ni tambarare, na muda ukiwa umekwisha mnaiacha bila hasara kubwa. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Lengo ni kila mtu awe garini saa kumi na moja.

Dalili za kukugeuza

Kichwa kuuma kidogo juu ya mita 3,000 ni kawaida. Kunywa maji, kula, punguza mwendo, mwambie mwongozaji. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au kutapika, huo ni ugonjwa wa kimo na hupandi tena hata hatua moja.

Kuna dalili mbili ambazo hazina mjadala. Mtu akiyumba kama mlevi, au akajibu maswali kwa kuchanganyikiwa, ubongo wake unavimba. Mwambie atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, anashuka sasa hivi, akisindikizwa na wawili. Na mtu anayehema akiwa amekaa tu, au anakohoa povu lenye rangi ya waridi, mapafu yake yanajaa maji. Naye anashuka sasa hivi. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni kushuka. Kupumzika pale pale hakusaidii, chai haisaidii, na maombi myafanye mkiwa mnateremka. Uokoaji wa KWS upo, ila huchukua muda kufika, na mtandao wa simu njiani unapatikana vipande vipande. Hospitali kubwa iliyo karibu ni PCEA Chogoria, mjini, na mratibu awe na namba yake na ya geti kabla hamjaondoka.

Jua pia kwamba dalili huchelewa. Mara nyingi huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika juu, kwa hiyo unaweza kupanda vizuri na kuumwa ukiwa garini. Mkiwa mnashuka, kwa kawaida hupungua zenyewe. Zisipopungua mkifika Chogoria, muende hospitali usiku huo huo.

Kurudi

Walipeni waongozaji na wapagazi bahasha yao mkiwa Chogoria, mikononi, siyo ahadi ya M-Pesa ya kesho. Aliyetembea na mtu wa mwisho, kwangu mimi, anastahili zaidi ya aliyekuwa mbele.

Halafu kuna barabara. Ukitoka Chogoria kuelekea Chuka na Embu utavuka mto Nithi, maji yale yale ya Michaelson, kwenye daraja lililo chini ya mteremko mkali wenye kona. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa, na hilo halikuwa la kwanza. Ukikaa na kuhesabu hatari zote za siku hii, ya mwisho huenda ndiyo kubwa kuliko nyati na kimo kwa pamoja. Kwa hiyo, kwenye ile simu ya kwanza kwa mratibu, ongeza maswali haya: dereva atakuwa analala wakati sisi tunatembea, au atakuwa na kazi nyingine? Kuna dereva wa pili? Na kama tumechelewa kushuka, tuna mahali pa kulala Chogoria hadi asubuhi? Jibu la swali la tatu likiwa ni ndiyo, lipa.